Kiingereza cha Msibani

Shuleni, Bweni la Pili
Jumapili, 2 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana Shangazi aliniambia siku hizi unasimama kazini mpaka miguu inavimba. Mimi sijambo. Kikohozi je? Na mikono kutetemeka? Usiniandikie "kawaida tu", Baba. Nijibu kama unavyomjibu daktari.

Tumefungua shule salama. Shuka alizonipa Shangazi zilifika zote, ila moja imebadilishana na ya jirani yangu, na ya jirani ina tundu, kwa hiyo najua haikubadilika yenyewe. Wiki nzima tunaongea Kiingereza, hata tukigombania ndoo. Jumapili baada ya chakula cha mchana ndipo tunaruhusiwa kuandika nyumbani kwa Kiswahili, nami nakimbilia kona hii ya dirisha kabla haijachukuliwa.

Tuna mwalimu mpya wa fasihi ya Kiingereza. Ni mama mfupi, anaongea polepole, na amekuja na masanduku mawili ya vitabu vyake mwenyewe. Vile tulivyosoma tangu kidato cha kwanza vilikuwa vya watu wanaokunywa chai wakitazama theluji. Mimi naweza kueleza theluji kwa namna saba na sijawahi kuiona hata kwenye jokofu. Hivi vyake ni vya namna nyingine. Vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini walioviandika ni watu wa nchi zilizotawaliwa kama yetu. Ndani yake mna mabomba yaliyokatika maji, na wajomba wanaofika harusini chakula kikiwa kimekwisha. Juzi nilicheka darasani peke yangu, maana mjomba wa kitabuni alikuwa anajisifu sawasawa na yule fundi wetu wa baiskeli. Sikujua kama Kiingereza kinaweza kumbeba mtu kama yule.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini watu hawa hawakuandika kwa lugha za kwao. Mwalimu alifuta ubao kwanza, ndipo akajibu: "Mpangaji amehama, nyumba ameiacha. Unaweza kusimama nje uilaani, au ukaingia ukapanga viti vyako." Darasa lilipiga makofi. Mimi niliandika daftarini ili nikuulize wewe.

Chama cha walimu kitatoa kitabu cha hadithi za wanafunzi, kwa Kiingereza, kila shule hadithi moja. Mwalimu anasema hadithi nzuri ni ile unayoogopa kuiandika. Nafikiri nitajaribu.

Nisamehe kwa siku ile ya wazazi muhula uliopita. Nilikuwa na haraka, sikukaa nawe.

Mwanao anayekuheshimu,
Nukta


Nyumbani
17 Februari

Kwa Nukta wangu,

Marahaba, mwanangu. Namjibu daktari: asubuhi nakohoa, mchana nasahau, jioni nakumbuka. Mikono inatetemeka ikikosa kazi. Ikishika herufi inatulia kama mtoto aliyepewa titi. Shangazi yako hajambo, anakusalimu, na anauliza jina la huyo mwenye shuka la tundu.

Habari za vitabu zimenifurahisha. Miaka ishirini na sita napanga herufi za madini ya risasi, na robo tatu ya nilivyopanga ni Kiingereza. Nashika kile kibao cha chuma mkono wa kushoto, wa kulia unachota kashani, kila herufi na chumba chake, moja moja, na mstari unajengeka kichwa chini, nyuma mbele. Nakijua Kiingereza kwa vidole. Neno likikosewa, kidole kinakataa kabla ya jicho. Lakini ukiniuliza linasema nini, mimi ni punda wa kubeba vitabu: uzito naujua, habari siijui.

Maneno ninayoyaelewa yanahesabika, nayo niliyapata katika matangazo ya vifo. Lile gazeti la Kiingereza linachapwa kwetu, na kwa miaka tisa ukurasa wa misiba ulikuwa wangu. Basi najua baba, mama, mpendwa, kufa, kuzikwa, saa. Miwani hunitania: "Kiingereza chako ni cha msibani. Ukifika Ulaya utaweza kuzika, lakini maji ya kunywa hutaweza kuomba." Miwani unamkumbuka, yule msahihishaji wetu. Zamani alikuwa nami kwenye makasha. Macho yalipoharibika wakampa kazi ya kusoma. Ndivyo kiwanda chetu kinavyotawaliwa.

Mama yako alipofariki, tajiri wetu wa kiwanda alitupa nafasi gazetini kwa heshima. Sikulipanga mimi tangazo lile. Kwetu kuna mwiko: mtu hapangi msiba wa nyumba yake. Waliotufundisha kazi walisema mkono ukishaupanga, utaurudia. Alilipanga Miwani. Lilipotoka nililishika nikatafuta ndani yake maneno yangu, nikayapata yote sita. Yaliyobaki mpaka leo sijui yanasema nini juu ya mke wangu.

Bendera ilipobadilishwa nilidhani na makasha yatabadilika. Haikuwa hivyo. Kilichobadilika ni waandishi. Mwaka wa tatu baada ya bendera alikuja kijana mmoja wa kwetu na miswada yake ya Kiingereza ndani ya mfuko wa unga. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha mtu wa kwetu kupita mikononi mwangu. Siku ya kutoka ukurasa wa kwanza alikuja na mama yake. Yule mama aliushika ukurasa kama sahani ya moto, akaniuliza mimi kwa sauti ya chini, "Baba, mwanangu anasema nini humu?" Nikamwambia, "Mama, mimi na wewe tumekaa benchi moja." Tukakaa kweli, tukawatazama wenye kusoma wakisoma.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako amesema vizuri kuhusu nyumba ya mpangaji. Ila muulize na hili: sisi tusio na ufunguo, tukija kuwatembelea humo ndani, tutagonga wapi?

Lakini wewe andika. Tukimaliza kuchapa tunavunja kurasa na kuzirudisha herufi kashani, kila moja chumba chake. Iliyosema uongo jana, leo inasema kweli. Hazina kinyongo. Na wewe usiwe nacho.

Ile siku ya wazazi isikusumbue. Nilifika, nikaona umenenepa, nikarudi. Safari ilikuwa na faida.

Baba yako


Shuleni
Jumapili, 23 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo tena, na pole kwa kikohozi ambacho najua kipo hata usipokitaja. Mimi mzima, ila sijalala vizuri juma hili kwa furaha na kwa jambo jingine.

Hadithi yangu imechaguliwa. Mwalimu alinisomea swali lako kuhusu kugonga, yaani nilimsomea mimi naye akarudia kwa sauti mara mbili, kisha akasema, "Baba yako anafanya kazi gani?" Kengele ikalia, nikaondoka.

Sasa kuhusu jambo lenyewe. Leo tumeambiwa kitabu kitachapwa wapi. Ni kwenu, Baba. Mwezi huu miswada itafika mezani kwenu. Tafadhali, kama inawezekana, ile yangu mpe mwenzako aipange. Ni ndefu, na mikono yako inahitaji kupumzika. Si hadithi ya maana sana. Ni ya msichana na mlango.

Usiumie kwa ombi hili.

Mwanao,
Nukta


Nyumbani
14 Aprili

Kwa Nukta wangu,

Hujambo, mwandishi? Huku tuko salama, na mvua imerudi, na paa limekumbuka pale linapovuja.

Ombi lako nimelikataa. Msimamizi alipoimwaga miswada mezani niliona mwandiko wako kabla sijaona jina. Mwenzangu wa kasha la pembeni akanyoosha mkono, nikamwambia, "Huo ukiugusa, tutaonana kwa tajiri." Ningempa nani akupange? Nilikupanga kwa siku tatu, na siku hizo tatu mikono haikutetemeka hata kidogo. Jina lako nililiwekea herufi kubwa kuliko ya mwanafunzi wa shule yoyote. Msimamizi akasema, "Kwa nini huyu amekuwa bango?" Nikaipunguza kidogo. Kidogo tu.

Miwani aliposhika prufu, zile kurasa za majaribio, aliniuliza, "Nikutafsirie?" Nikamwambia hapana. Barua ya mtu haifunguliwi na jirani. Nataka niisikie kwako.

Lakini, mwanangu, kuna maneno ambayo sihitaji kutafsiriwa. Neno la baba nilikutana nalo ukurasa wa kwanza, nikafurahi, nikalihesabu: mara kumi na nne. Nikasema, kumbe nami nimo. Kisha nikafika mstari wa mwisho. Umekaa peke yake chini, maneno matano tu. La baba limo. Na jingine ninalolijua limo.

Nilikiweka kibao chini nikaenda kunywa maji.

Sikulaumu. Nakuuliza tu, kwa Kiswahili, kwa namna yoyote utakayoweza: hadithi hiyo inasema nini? Sina haraka. Nimeshasubiri prufu nyingi maishani.

Baba yako


Shuleni
Jumapili, 11 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima. Hali ya hewa huku ni ya baridi kidogo asubuhi.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na mitihani, na halafu bweni letu lilikuwa na zamu ya usafi, na halafu wino uliniishia. Kuhusu hadithi, ni jambo la kuelezana ana kwa ana. Nitakueleza likizo ya Agosti, tukiwa tumekaa. Ni hadithi tu, Baba. Mambo ya kubuni.

Msalimie Shangazi.

Mwanao,
Nukta


Hospitali, wodi ya wanaume
25 Mei

Kwa Nukta wangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu. Ni wa Miwani. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa kutosahihisha. Hujambo, mwanangu? Mimi nimelazwa kidogo. Daktari anasema ni kifua, na kwamba vumbi la risasi limenizoea miaka yote hii na sasa linadai urafiki. Nimemwambia rafiki wa namna hiyo hafukuzwi kwa vidonge. Hakucheka. Madaktari hawachekeshwi na wagonjwa, wanaogopa watapona.

Usiache masomo ukaja. Treni ni siku mbili, na kitanda hiki hakina nafasi ya wageni.

Agosti si mbali.

(Mimi Miwani naongeza bila ruhusa: anaitunza barua yako ya mwisho chini ya mto. Ile fupi.)

Baba yako


Shuleni
Jumapili, 22 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za kifua mwanzoni, maana nikianza nitapata njia ya kukimbia tena. Nitauliza mwishoni.

Kitabu kimefika Alhamisi. Kina jalada la kijani, na harufu yake ni ya nguo zako. Wenzangu walinyang'anyana. Mimi nilifungua ukurasa wangu wa mwisho, na mstari ule haupo. Pana nafasi nyeupe tu. Nilijua palepale ni nani.

Kabla sijamaliza kufikiri, Mwalimu aliniita ofisini. Mezani alikuwa na kitabu upande mmoja na mswada wangu upande wa pili, na kalamu mkononi. "Kiwanda kimekula mstari wako," akasema. "Namwandikia mwenye kiwanda leo hii. Aliyefanya hivi hastahili kushika kazi ya watu."

Nikasema, "Usimwandikie, Mwalimu. Aliyeipanga ni baba yangu."

"Baba yako yupi?"

"Baba yangu. Ni mpanga herufi. Alikuja hapa siku ya wazazi, alikuwa na shati la kijivu na mfuko wa karatasi. Na mimi sitaki mstari ule urudi."

Mlangoni walikuwapo wasichana wanne waliokuja kuchukua chaki. Wawili kati yao walikuwa nami getini siku ile. Walinitazama, Baba, na mimi sikutazama chini. Mwalimu aliusoma ukurasa wa mwisho upya, bila mstari, mpaka chaki zikachukuliwa na mlango ukafungwa. Kisha akafunika kalamu yake. Hataandika. Kazi yako ipo.

Sasa hadithi inasema hivi.

Kuna msichana wa shule ya bweni. Wenzake ni watoto wa mawakili na madaktari. Siku ya kwanza walipoulizana baba zao wanafanya nini, yeye alisema baba yake anatengeneza vitabu, na wenzake wakaelewa kwamba anaviandika, naye akawaacha waelewe hivyo. Uongo huo ulikuwa mdogo na ulikaa vizuri, kama kiatu kipya usipotembea nacho mbali.

Siku ya wazazi baba akaja. Alifika getini kwa miguu, ameshika mfuko wa karatasi, na vidole vyake vyeusi mpaka kwenye kucha. Msichana alikuwa amesimama na wenzake. Mmoja akauliza, "Nani yule mwenye mikono ya makaa?" Na msichana akasema, "Tarishi wa kiwanda cha vitabu. Ameleta mzigo."

Kisha akaenda kuupokea mfuko. Hakukaa.

Mpaka hapo si kubuni, Baba. Unajua. Ndani ya mfuko mlikuwa na madaftari sita uliyoyakata na kuyashona mwenyewe kwa mabaki ya karatasi. Hadithi hii niliiandika kwenye la tatu.

Yanayofuata ndiyo ya kubuni. Msichana anapata habari kwamba baba yake anaumwa. Anasafiri siku mbili akijisemesha maneno ya kuomba radhi, anayapanga na kuyapangua. Anafika uani. Anaona shati la kijivu limeanikwa kambani. Anaweka mkono kwenye mlango. Na mstari wa mwisho, ule ulioutoa, kwa Kiswahili unasema: Baba alikuwa ameshakufa.

Niliandika hivyo kwa sababu Mwalimu alisema niandike ninachoogopa. Sikukuombea kifo. Niliogopa kwamba nitachelewa.

Unaweza kuuliza kwa nini nilimwambia kila mtu isipokuwa wewe. Niliiandika kwa Kiingereza kwa sababu nilijua hutaweza kuisoma. Mwalimu anasema mle ndani tunaingia kupanga viti vyetu. Wengine huenda wanapanga. Mimi nilijificha nyuma ya kiti. Nikadhani nimetubu, kumbe nimetubu kwa watu ambao sikuwakosea.

Basi nakwambia kwa lugha yetu. Nilikukana getini, Baba, nami nilikuwa nimekuona tangu mbali, nikafurahi, kisha nikaona mikono. Nisamehe.

Sasa nauliza: kifua je? Nijibu hata mstari mmoja. Hata maneno matano.

Mwanao,
Nukta


Kiwandani
30 Juni

Mwanangu Nukta,

Pole sana. Pole tena. Najua telegramu ya Shangazi yako imekufikia, na kwamba treni ya Jumatano haikusafiri, ukashindwa kuwahi mazishi. Watu walikuwa wengi. Wapanga herufi wote walikuja na mikono yao bila kuinawa, hatukupatana kufanya hivyo, ilitokea tu.

Alifariki Jumanne, tarehe 24, saa nne asubuhi, amekaa. Hakuhangaika.

Barua yako ya tarehe 22 ilifika Ijumaa. Shangazi yako aliniletea akidhani nitajua la kufanya. Nakurudishia kama ilivyokuja, gundi haijaguswa. Baba yako alinifundisha kwamba barua ya mtu haifunguliwi na jirani.

Pamoja nayo nakupa barua yake. Aliiandika Jumamosi kabla ya kufa kwake, kwa mkono wake mwenyewe, akanifukuza kitandani nisione. Ilikuwa mfukoni mwa shati, haijapelekwa posta.

Mfukoni mlikuwa na kitu kingine. Ni ule mstari. Maneno matano ya risasi, ameyafunga kwa uzi kama tunavyofunga ukurasa uliokamilika. Sasa nikiri kwako: pengo lile niliona kwenye prufu. Kazi yangu ni kuona mapengo. Nikaivua miwani, nikatia sahihi.

Tajiri anataka kutoa tangazo kwa heshima yake, gazetini, kwa Kiingereza kama lile la mama yako. Nimemwambia asubiri neno lako. Kulipanga nitalipanga mimi, ingawa macho ndiyo haya, maana humu kiwandani ni nani ambaye msiba huu si wa nyumba yake? Mwiko nitauvunja. Niambie liseme nini. Na niambie mstari huu nikupelekee au niufanye nini.

Mzee wako,
Miwani


Hospitali
Jumamosi, 21 Juni

Kwa Nukta wangu,

Salamu za mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Leo sijambo kidogo. Miwani nimemtuma akanunue chungwa ambalo sitalila.

Nina makosa mawili ya kukueleza, na Agosti naiona mbali.

La kwanza. Siku ile getini nilisikia. Wewe ulidhani upepo umechukua, lakini kiwandani mashine zinanguruma siku nzima, sisi tumezoea kusikia kwa kutazama midomo. Niliona neno la tarishi likitoka. Ndiyo maana ulipokuja kuupokea mfuko nilisema kwa sauti, "Mzigo wenu huu, Dada, utanitilia sahihi wapi?" Ukashtuka. Nilidhani nakusaidia. Njiani nikawaza kwamba nimekosa, kwamba ningekaa kimya tu ungepata nafasi ya kugeuka. Nilikuharakishia uongo wako, mwanangu. Hilo nisamehe. Na lako, kama bado unalibeba, litue. Mtoto mwenye aibu ya baba yake atakua. Asiye na aibu ya kitu chochote ndiye anayenitisha.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Mpanga herufi hana mdomo. Nimepanga matusi ya wakubwa waliotutawala na ahadi za wakubwa waliofuata, na sijapata kuondoa hata nukta ya mtu. Wako wewe nimeuondoa. Mstari mzima. Niliweka mwiko wetu mbele ya kazi yetu. Sikujua hadithi ilitaka nini, nilijua tu kwamba mkono wangu haukubali kupeleka mashineni kifo changu kwa maneno ya mwanangu, wewe ukaja kukisoma ukubwani kimechapwa na mimi. Kama mwandishi, nimekukosea. Wakichapa mara ya pili waambie waurudishe. Ninao mfukoni, haujapotea, na umefungwa vizuri.

Swali langu bado lipo, lakini usiharakishe. Ukilijibu siku moja, lijibu kwa wote wa benchi lile. Yule mama wa mwandishi huenda bado anasubiri.

Baba yako


Shuleni
Jumapili, 6 Julai

Mzee Miwani,

Shikamoo, na pole kwako pia, maana umefiwa kama mimi. Sisi huku tu wazima. Mwalimu amenipa ruhusa ya kwenda nyumbani Alhamisi. Nitapita kiwandani kwanza.

Barua yangu iliyorudi sikuifungua. Nitaisoma kwa sauti pale alipolala, kwa Kiswahili, polepole, nikishamaliza nitakaa.

Mwalimu ameniambia kitabu kitachapwa tena mwakani, na akaniuliza kuhusu mwisho. Nimesema nafasi ile nyeupe ibaki kama alivyoiacha aliyeipanga.

Kuhusu tangazo, tafadhali lisiwe la Kiingereza. Safari hii nataka waliopo nyumbani walisome lote, na si maneno sita. Liseme:

"Amefariki mpanga herufi. Kwa miaka ishirini na sita alipanga vitabu vya watu, na wengi mlivisoma bila kumjua. Aliwahi kwenda kumtembelea binti yake shuleni, akiwa na madaftari sita aliyoyashona mwenyewe. Binti huyo anawajulisha kwamba yule aliyefika getini alikuwa baba yake."

Na ule mstari usiniletee. Fungua uzi, uvunje, uzirudishe herufi kashani, kila moja chumba chake. Kisha anzia hizo unapopanga tangazo. Hazitatosha, najua. Zilizopungua chota nyingine. Ni zilezile.

Mwanao,
Nukta